Moyo ulioshonwa utotoni: tunaupimaje mwenyewe akishakuwa mtu mzima?

Hotuba kwa madaktari, wauguzi na wanafunzi wa udaktari, Lubumbashi

Jambo yenu nyote. Wakubwa zetu mlioketi mbele, wenzetu wauguzi, mafundi wa eko, wanafunzi, nanyi ndugu mliotoka Likasi, Kipushi na Kolwezi: asanteni kwa kufika.

Chukueni kijana wa miaka 27. Alipasuliwa moyo akiwa na miaka 5, nje ya nchi, kwa msaada wa watu wa hisani. Sasa anachoka. Anafanyiwa eko ya moyo, picha ya mawimbi ya sauti, na jibu linarudi na mstari mmoja: ventrikali ya kushoto, chumba kinachosukuma damu mwilini, inasukuma 62% ya damu yake, moyo mzuri. Anarudi nyumbani na vitamini. Ile 62% ni ya kweli kabisa, ila imepimwa upande usioumwa. Kwa wengi wa watu hawa upande wa kushoto hudumu vizuri kwa muda mrefu. Unaochakaa ni wa kulia, na huchakaa kimya, miaka 20 au 30 baada ya upasuaji ambao kila mtu aliusifu. Leo tutaeleza namna ya kuukuta uchakavu huo kwa vifaa vilivyopo katika hospitali zetu, kabla haujafika mahali ambapo hata daktari bingwa hawezi kuurudisha.

Kabla ya kupaka jeli, jua kwanza moyo huo ulitengenezwaje. Upasuaji wa kasoro za kuzaliwa nazo haumpi mtu moyo kama wa jirani yake. Unampa moyo wa aina nyingine, na kila aina ina mahali pake pa kuharibikia. Tafuta karatasi ya upasuaji. Mara nyingi mama mzazi ndiye anayeitunza, kwenye mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo na karatasi za shule, kwa hiyo mwulize mama kabla ya kumwuliza mgonjwa, ambaye alikuwa mtoto na hakumbuki kitu. Unachotafuta humo ni mambo matatu: kasoro iliitwaje, kiraka kiliwekwa wapi, na kama kuna vali (mlango wa damu) ya bandia au mrija.

Karatasi ikiwa imepotea, soma mwili. Kovu la katikati ya kifua, juu ya mfupa, kwa kawaida maana yake moyo wenyewe ulifunguliwa. Kovu la ubavuni kushoto, chini ya bega, hutokana na kufunga mshipa uliobaki wazi baada ya kuzaliwa, kurekebisha aota (mshipa mkuu unaopeleka damu mwilini) iliyobana, au kuunganisha ateri ya mkono na ateri ya mapafu ili mtoto wa bluu, anayekosa oksijeni, apate damu ya kutosha mapafuni. Kiungo hiki cha mwisho kilifanywa mara ya kwanza Baltimore mwaka 1944, na namna yake ya zamani ilikata ateri ya mkono yenyewe. Ndiyo maana unaweza kumkuta mtu ambaye mapigo ya mkono mmoja hayashikiki. Ukipima presha kwenye mkono huo utapata 85 kwa 60, utaogopa, utamwekea maji, na utakuwa umemwumiza mtu ambaye presha yake ya kweli ni 125. Pima mikono yote miwili na mguu mmoja siku ya kwanza, kisha uandike kwa kalamu nyekundu ni mkono upi wa kuaminika. Kwa aliyerekebishwa aota, linganisha mkono wa kulia na mguu: mkono ukizidi mguu kwa 20 mmHg au zaidi, aota imebana tena hadi ithibitishwe vinginevyo. Mkono wa kushoto usiutegemee, kwa sababu madaktari wengine walitumia ateri yake kupanulia sehemu iliyobana.

Sasa tukae na tetralojia ya Fallot, kwa sababu ndiyo kasoro ya bluu inayowafikisha wengi kwenye utu uzima, na ndiyo inayotudanganya zaidi. Fallot, daktari wa Marseille, aliieleza mwaka 1888: tundu kati ya ventrikali mbili, aota iliyokaa juu ya tundu hilo, njia ya kwenda mapafuni iliyobana, na ventrikali ya kulia iliyonenepa misuli kwa kusukuma dhidi ya mbano. Mwaka 1954 huko Minneapolis, daktari wa upasuaji Lillehei na wenzake waliirekebisha kwa ndani. Tundu huzibwa kwa kiraka, misuli inayobana hukatwa, na kama pete ya vali ya mapafu ni ndogo mno, hupasuliwa na kupanuliwa kwa kiraka kinachoivuka. Hapo mtoto anaacha kuwa wa bluu, anakua, anaoa. Lakini vali iliyopasuliwa haifungi tena. Kila pigo, sehemu ya damu iliyokwenda mapafuni inarudi kwenye ventrikali ya kulia. Ventrikali inapanuka ili kumudu mzigo, na kwa miaka mingi inamudu, hata mwenyewe hahisi.

Kuvuja huku ndiko kunakokosewa zaidi kwenye eko. Vali ya mapafu ikivuja kidogo, Doppler ya rangi, inayochora mwendo wa damu kwenye eko, huonyesha mwali mrefu, mwembamba, wenye rangi zilizochanganyika. Ikivuja kabisa, damu hurudi kwa upana, kwa kasi ndogo, na humalizika mapema, kwa hiyo rangi ni tulivu na hupita upesi hata jicho halikamati. Mlango uliong'olewa haupigi kelele. Wengi huandika kuvuja kidogo mahali ambapo vali haipo kazini kabisa. Stetoskopu nayo haisaidii sana, maana mvumo wake ni mfupi na wa chini.

Fanya hivi. Mlaze mgonjwa kwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, waya za elektrokadiogramu (kipimo cha umeme wa moyo) zikiwa zimeunganishwa kwenye mashine. Bila hizo hutajua moyo unajaa saa ngapi na unakaza saa ngapi. Weka probu, kile kifaa cha eko kinachoshikwa mkononi, kando ya mfupa wa kifua, tafuta mkato mfupi kwenye usawa wa vali ya aota, kisha uinamishe juu kidogo hadi uione ateri ya mapafu na matawi yake mawili. Weka rangi kwanza kwenye matawi, si kwenye vali: ukiona damu inarudi kutoka kwenye matawi wakati moyo unajaa, kuvuja ni kukubwa. Halafu pitisha Doppler ya mfululizo, inayopima kasi ya damu, kwenye vali. Mstari wa kuvuja ukishuka kwa mteremko mkali na kugusa sifuri kabla pigo linalofuata halijaanza, pima muda wa presha kupungua nusu. Chini ya milisekunde 100 ni kuvuja kukubwa. Kuna tahadhari moja: ventrikali iliyokakamaa nayo hufupisha muda huo, kwa hiyo usitoe hukumu kwa kipimo hiki peke yake. Ukakamavu huo hujionyesha kwa damu kidogo kupita mbele kwenda mapafuni atria, chumba cha juu, inapokaza, katika kila pigo, mgonjwa akivuta pumzi na akitoa.

Baada ya vali, pima ventrikali ya kulia yenyewe. Picha ya kawaida ya vyumba vinne huikata vibaya, na mara nyingi huonekana ndogo kuliko ilivyo. Sogeza probu kidogo kuelekea nje na uielekeze upande wa kulia hadi upana wa chumba hicho uwe mkubwa kuliko wote unaoweza kuupata, na ncha ya moyo isitoke kwenye picha. Upana wa chini, karibu na vali ya trikuspidi iliyo kati ya atria na ventrikali ya kulia, ukizidi mm 41, chumba kimepanuka. Chora eneo lake likiwa limejaa na likiwa limekaza. Tuseme sentimita za mraba 32 na 21: tofauti ni 11, ambayo ni 34% ya 32. Kiwango cha chini ni 35%, kwa hiyo kazi imeanza kupungua. Ukichora, zungusha mstari nje ya nyuzi za misuli zilizomo ndani. Ukizifuata nyuzi moja moja, utapata namba tofauti kila unaporudia.

Halafu kuna TAPSE, namba ambayo kila mtu huipenda kwa sababu hupatikana kwa sekunde 10. Hupima umbali ambao pete ya vali ya trikuspidi inasafiri kuelekea kwenye ncha ya moyo. Kwa mtu asiyepasuliwa, chini ya mm 17 ni dalili ya udhaifu. Kwa aliyepasuliwa, itumie kwa uangalifu. Mfuko wa nje wa moyo ukishafunguliwa, mwendo huu hupungua hata kama ventrikali inasukuma vizuri, na unaweza kubaki hivyo miaka yote. Kuna pia upotofu wa upande wa pili: sehemu ya juu ya ventrikali, pale kwenye kiraka, inaweza kuwa haisogei kabisa huku pete ya chini ikicheza vizuri, na TAPSE ikatoka 19. Kipimo hiki kinatazama mahali pamoja tu. Faida yake kubwa ni kumlinganisha mtu na yeye mwenyewe: mwaka huu 15, mwaka jana 15, hakuna habari, mwaka huu 11, kuna jambo. Ndivyo ilivyo pia kwa kasi ya pete kwenye Doppler ya tishu, ambayo kiwango chake cha chini ni cm 9.5 kwa sekunde.

Upande wa kushoto usiusahau, maana ukianguka nao hali ya mgonjwa ni mbaya zaidi. Ila usiupime kwa mstari mmoja uliokata katikati ya moyo. Ukuta wa kati wa watu hawa huenda kinyume, kwa sababu ya upasuaji na kwa sababu umeme unachelewa kufika kulia, na hesabu ya mstari mmoja inauamini ukuta huo. Tumia njia ya Simpson, inayokadiria ujazo kwa picha mbili, ya vyumba vinne na ya vyumba viwili. Ukiwa hapo tazama umbo la ventrikali ya kushoto katika mkato mfupi: ikibonyea wakati wa kujaa tu, upande wa kulia umezidiwa na wingi wa damu, ikibonyea hata wakati wa kukaza, umezidiwa na presha. Pima na shina la aota, ambalo kwa Fallot hupenda kupanuka.

Kwenye presha tusimame kidogo, maana hapa ndipo watu wanapewa dawa zisizo zao. Vali ya trikuspidi ikivuja, kasi ya mwali wake hutuambia presha ya ventrikali ya kulia: kasi mara kasi, mara 4, kisha ongeza presha ya atria ya kulia. Tuseme kasi ni mita 4.2 kwa sekunde. Hiyo ni mmHg 71. Vena kava ya chini, mshipa unaorudisha damu moyoni, ina mm 19 na inasinyaa chini ya nusu mgonjwa akivuta pumzi kwa pua, kwa hiyo tunaongeza 8. Jumla ni 79. Wengi huishia hapo, huandika presha kubwa ya mapafu, na mgonjwa hutoka na sildenafili, dawa ya presha ya mapafu. Lakini 79 ni presha ya ventrikali, na kati ya ventrikali na mapafu kuna njia iliyowahi kubana. Pima njia hiyo: kasi mita 3.8, sawa na mmHg 58. Toa 58 kwenye 79, inabaki karibu 21. Mapafu ya mtu huyu hayana neno. Mbano umerudi, na dawa ya mapafu haitapanua mbano.

Mtego mwingine wa hesabu hiyo hiyo: kiraka cha tundu kikivuja pembeni, mwali wake unatoka karibu kabisa na vali ya trikuspidi, na Doppler ikiushika huo utapata mita 5 na kumpa mtu ugonjwa asio nao. Fuata mwali kwa rangi hadi uone unakotoka. Na vali ya trikuspidi ikiwa wazi kabisa, mstari wa Doppler huwa na umbo la pembetatu na kasi huwa ndogo kuliko inavyopaswa. Hapo andika kwamba presha haipimiki, usiandike kwamba ni nzuri.

Elektrokadiogramu ndicho kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, na kinapuuzwa. Karibu kila aliyefanyiwa Fallot ana tawi la kulia la njia ya umeme wa moyo lililoziba. Hilo pekee si habari. Habari ni upana wa QRS, wimbi la ventrikali kukaza. Milisekunde 180 au zaidi huambatana na hatari ya mdundo mbaya wa ventrikali na kifo cha ghafla. Karatasi ikienda mm 25 kwa sekunde, hizo ni kasha ndogo nne na nusu, na nusu kasha ni rahisi kukosea. Weka mashine kwenye mm 50 uhesabu kasha 9. Usiitegemee namba inayochapwa na mashine, ipime mwenyewe kwenye njia ambayo QRS ni pana kuliko zote. Linganisha na ya mwaka uliopita: inayoongezeka inatueleza kwamba ventrikali inaendelea kutanuka.

Na mtu wa namna hii akija na mapigo 120 yasiyobadilika, akilala 120, akisimama 120, akitulia nusu saa bado 120, usimwambie ni wasiwasi wala malaria. Makovu ya atria hutengeneza njia ya umeme inayozunguka, na mzunguko huo kwake unaweza kuwa wa polepole kuliko ule wa vitabuni, ndiyo maana hufichama. Chukua njia zote 12 za elektrokadiogramu, tafuta mawimbi ya atria yaliyojificha ndani ya QRS na T. Ventrikali ya kulia iliyochoka haivumilii mdundo huo kwa wiki nyingi.

Mahojiano nayo yana ufundi. Ukimwuliza kama anachoka, atajibu hapana, kwa sababu hajawahi kujua hali nyingine. Mwulize mambo yanayopimika. Anapanda ghorofa ngapi bila kusimama? Akitembea na wenzake sokoni, nani hutangulia? Utotoni mpira alicheza nafasi gani? Wengi watakuambia walikuwa wakiwekwa golini. Kisha mtembeze dakika 6 kwenye korido ya mita 30, sakafu bapa, koni mbili, kiti karibu, kipima oksijeni kidoleni kabla na mara tu anaposimama. Tunakisifu kipimo hiki kupita kiasi, kusema kweli: kijana mwenye ventrikali iliyopanuka anaweza kutembea mita 600 vizuri, na hujajua lolote. Kinafaa kwa aliyeishiwa nguvu waziwazi, na kwa kuona kama oksijeni inashuka. Palipo na baiskeli ya kupimia pumzi, hiyo ndiyo itumike. Oksijeni ikiwa 88% kwa mtu aliyepumzika, msisingizie mwinuko wa Lubumbashi; mita 1,200 hizi hazielezi namba hiyo. Tafuta tundu lililobaki au mapafu yenye ugonjwa. Pima pia wingi wa damu: kwetu selimundu na upungufu wa damu ni vya kila siku, na vyote viwili huupanua moyo na kumchosha mtu hata kiraka kikiwa salama.

MRI ya moyo, picha ya sumaku, ndiyo inayopima ujazo wa ventrikali ya kulia vizuri kuliko zote, na wengi wa wagonjwa wetu wataipata mara moja tu, kama wataipata. Kwa hiyo iombwe kwa wakati wake: eko ikionyesha kuvuja kukubwa na chumba kupanuka, au nguvu zikipungua. Waya za chuma zilizoshona mfupa wa kifua haziizuii. Huharibu picha kidogo tu karibu nazo. Kifaa cha kuendesha mdundo (pacemaker) kilichopandikizwa, au waya zake za zamani zilizoachwa ndani, vitajwe mapema. Jibu likija, ujazo ugawanywe kwa eneo la mwili. Mtu wa cm 172 na kilo 62: zidisha, gawanya kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili, unapata mita za mraba 1.72. Ventrikali ikijaa ml 290, ni karibu 169 kwa kila mita ya mraba. Ikikaza ikabaki na 150, ni 87. Mwongozo wa Ulaya wa 2020 unasema kwa asiye na dalili, mwenye kuvuja kukubwa, ujazo unaopanda hadi 160 ukijaa au 80 ukikaza ni sababu ya kufikiria kuweka vali mpya. Mwenye dalili hasubiri namba hizo. Wa mfano wetu amezivuka zote mbili, huku lile jibu la eko lenye mstari mmoja likisema moyo mzuri.

Kasoro nyingine nitazipitia upesi. Aliyezibwa tundu la atria mapema huwa hana matatizo mengi. Aliyezibwa akiwa mkubwa, chunga mdundo wa atria na presha ya mapafu. Aliyezibwa tundu la ventrikali, tazama uvujaji kando ya kiraka na vali ya aota. Waliozaliwa na mishipa mikubwa iliyobadilishana nafasi, wakaelekezwa upya damu ndani ya atria kwa upasuaji wa Senning au Mustard, ventrikali yao ya kulia ndiyo inayolisha mwili mzima, na viwango vyote nilivyotaja haviwahusu. Kwao angalia vali ya trikuspidi na uvimbe wa uso, unaoashiria njia ya juu kuziba. Waliofanyiwa upasuaji wa Fontan, ulioanzia Bordeaux mwaka 1968, hawana ventrikali inayosukuma damu mapafuni. Damu inateremka yenyewe. Vena kava yao kuwa pana si sababu ya kuwamiminia furosemidi, dawa ya kukojoza maji, kwani ukiwakausha, moyo unakosa cha kusukuma. Pima ini, albumini na oksijeni yao, na uwapeleke kwa mtaalamu hata wakisema hawajambo.

Homa kwa mwenye kiraka au vali ya bandia inahitaji nidhamu. Kipimo cha malaria kikiwa chanya, bado chukua damu ya kuotesha mara tatu, sehemu tofauti za mwili, kabla ya antibiotiki yoyote. Siku 5 za antibiotiki zilizonunuliwa dukani zinatosha kuficha mdudu aliyekaa kwenye vali. Kabla ya kung'oa jino, mwenye vali ya bandia, aliyewahi kuugua maambukizi ya ndani ya moyo, mwenye kiraka kinachovuja, au asiyetimiza miezi 6 tangu kiraka kiwekwe, apewe amoksisilini gramu 2 dakika 30 hadi 60 kabla. Asiye na mzio, bila shaka.

Watu hawa waonwe angalau mara moja kwa mwaka, na fundi yule yule kwenye mashine ile ile ikiwezekana, kwa sababu tofauti ya mikono miwili inaweza kuzidi tofauti ya mwaka mzima. Na mnapompeleka mgonjwa mbele, iwe anavuka mpaka wa Kasumbalesa au anapanda ndege uwanja wa Luano, barua iwe na haya: jina la kasoro na la upasuaji, mwaka wake, mkono wa kupimia presha, urefu na uzito, upana wa QRS wa miaka yote mliyo nayo, namba za eko pamoja na jinsi zilivyopimwa, na video zenyewe kwenye diski au kadi. Picha zilizochapwa kwenye karatasi hazimsaidii mpokeaji, kwani vali iliyosimama haionyeshi inavyovuja.